KASHFA KWA NANI? WA ZUZU SI MAZUZU

Ndugu msomaji, sisi wa Zuzu tumezoea kutaniwa. Mgeni akisikia jina la kata yetu hucheka, maana zuzu kwa Kiswahili ni mjinga. Hatujampeleka mtu mahakamani. Mbona basi kigogo akiguswa kidogo tu hukimbilia neno "libel"?

Neno hilo la Kiingereza asili yake ni Kilatini, "libellus", yaani kijitabu. Kijitabu tu! Halina tusi wala uongo ndani yake. Lakini wakubwa wa Uingereza walipochoka kusemwa katika vikaratasi vya mitaani, kijitabu kikageuzwa kosa la jinai. Mwanzoni mwa miaka ya 1600 mahakama yao ikaamua kwamba hata ukweli si kinga. Hoja haikuwa nani kadanganya, bali nani kaguswa.

Mkoloni akaja na fimbo hiyo Tanganyika. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliwalaumu mabwana DC wawili katika Sauti ya TANU, kijarida cha chama. Akashtakiwa kwa kashfa, akatiwa hatiani: faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Akalipa. Mwaka 1961 bendera ya mkoloni ikashushwa, fimbo ikabaki! Ikaingia katika Sheria ya Magazeti ya 1976, ikarithiwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema vifungu hivyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Ndipo Juni 2023 Bunge, hapa hapa Dodoma, likaiondoa kashfa katika jinai ya sheria hiyo. Aliyechafuliwa sasa afungue kesi ya madai.

Ni hatua, tusibishe. Lakini kesi ya madai ina wakili, na wakili ana bei. Bibi kizee anayesingiziwa uchawi kijijini naye ana jina, tena uongo huo humtoa roho. Nani atamlipia wakili? Kigogo, yeye, anaweza kudai fidia ya kulifilisi gazeti zima.

Msomaji, neno letu kashfa limetoka Kiarabu, na shina lake ni kufunua. Mwongo alipe, hilo halina mjadala. Lakini aliyefunua chungu akakuta nyama ya umma imeliwa, kosa lake nini? Jina la mlaji lilichafuka siku alipokula, si siku tuliposema.

Wa Zuzu tunaijua tofauti hiyo. Sisi si mazuzu.