Chumba ni kidogo, watoto ni wawili: Kitanda kipi kitafaa?

Ukizunguka mitaa ya kupanga ya Nairobi, iwe ni Umoja, Kayole au Pipeline kule Embakasi, utaona kwamba chumba cha watoto aghalabu ndicho hupewa makombo. Mjenzi hutoa sebule kwanza, kisha chumba cha wazazi, na kile kipembe kinachosalia baina ya choo na ngazi ndicho huitwa chumba cha kulala cha pili. Futi 10 kwa 8, pengine pungufu. Humo humo wanatakiwa wakae watoto wawili, nguo zao, mikoba ya shule, na mara nyingi msichana wa kazi au shangazi aliyekuja kutoka mashambani kwa juma moja lililogeuka kuwa miezi mitatu.

Zamani tatizo hili lilikuwa na dawa yake. Mtoto akishakuwa mkubwa alikwenda shule ya bweni, na kitanda chake akarithi mdogo wake. Siku hizi dawa hiyo imepungua nguvu. Chini ya mfumo wa 8-4-4, mtoto wa mwaka wa tisa masomoni alikuwa Kidato cha Kwanza, na wengi wa rika hilo walikuwa bwenini. Katika mtaala mpya, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 9 walianza masomo Januari 2025 wakiwa bado katika shule za karibu na nyumbani. Tena, mnamo Novemba 2024, Wizara ya Elimu iliagiza kufungwa kwa mabweni ya shule 348 za msingi, kufuatia ukaguzi uliofanywa baada ya moto wa Septemba mwaka huo katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, ambapo wavulana 21 walipoteza maisha. Watoto wenye miguu mirefu wako nyumbani, na chumba hakijaongezeka hata inchi moja.

Hapo ndipo mzazi hukimbilia kununua dabo deka. Sina ugomvi na dabo deka. Ugomvi wangu ni na mzazi anayeinunua kwa macho, akaifikisha nyumbani kwa mkokoteni, kisha akagundua kwamba mlango hauwezi kufunguka au kwamba mtoto wa juu akiketi kichwa kinagonga dari.

Kwa hivyo tuanze na hesabu. Chumba cha futi 10 kwa 8 kina futi 80 za mraba. Kitanda cha tatu kwa sita hula futi 18. Ukiweka viwili, 36 zimekwenda, karibu nusu ya chumba, na bado mlango unataka nafasi ya kufungukia na kabati linataka pa kusimama. Ukivipandisha kimoja juu ya kingine, umeokoa zile 18. Hiyo ndiyo faida yake yote, na si ndogo.

Lakini chumba hupimwa na kimo pia. Kama dari liko futi 8 kutoka sakafuni na godoro la juu liko futi 5, mtoto amebakiwa na futi 3. Mtoto wa miaka kumi akiketi huhitaji futi mbili na nusu hivi, kwa hivyo hapo atatoshea. Dari likishuka chini ya hapo, ataishi ameinama kama anayeingia zizi la mbuzi. Na ikiwa nyumba ni ya mabati yasiyo na dari, usisahau kwamba joto la alasiri hupanda juu likakaa pale pale alipo mtoto wako. Kwa wenzetu wa Mombasa na Malindi kuna jambo la panka. Panka la darini na kitanda cha ghorofa havikai chumba kimoja, labda panka liwe mbali kabisa na mkono wa mtoto aliyesimama juu ya godoro. Taa inayoning'inia nayo ni vivyo hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Ni godoro.

Mzazi wa Kenya akimpenda mtoto humnunulia godoro nene. Inchi 8 ndiyo fahari. Fundi naye, alipotengeneza dabo deka, aliweka ukingo wa kumzuia mtoto asianguke, tuseme wenye kimo cha inchi 10 kutoka kwenye mbao za kulazia godoro. Ukiutazama dukani kabla ya godoro kuwekwa, ukingo unapendeza, unaonekana ukuta mzima. Nyumbani unalaza godoro la inchi 8, na ukuta ule unabaki inchi 2. Mtoto akigeuka usiku hana kinachomzuia. Umetumia pesa nyingi zaidi na umemwekea hatari, na hakuna aliyekukosea.

Sheria ya Marekani kuhusu vitanda hivi, iliyotangazwa Desemba 1999 na kuanza kutumika Juni 2000, inataka ukingo uchomoze angalau inchi 5 juu ya godoro. Ulaya wanataka zaidi ya hapo, milimita 160, yaani zaidi ya inchi 6. Chukua kipimo hicho uende nacho kwa fundi. Kwa ukingo wa inchi 10, godoro la inchi 4 linakuachia 6, na hapo mtoto amelindwa. Godoro la inchi 4 lenye sponji nzito, lisilobonyea hadi mbao ukilikandamiza kwa ngumi, linamtosha mtoto wa shule ya msingi bila taabu. Lile nene mpe anayelala chini.

Ukingo uwe pande zote mbili. Wengi hudhani ukuta unatosha upande mmoja, lakini kitanda husogea kidogo kidogo kila mtoto anapopanda, mpaka ufa ukatokea kati ya godoro na ukuta. Mtoto mwembamba anaweza kuteleza humo. Kwa sababu hiyo hiyo, nafasi kati ya fito za ukingo isizidi inchi 3 na nusu. Si kwamba mtoto ataanguka tu. Miguu na kiwiliwili vinaweza kupenya, kichwa kikakwama. Mafundi wetu wengi huacha nafasi kubwa ili kuokoa mbao, wala hawana nia mbaya. Mwambie tu aongeze ufito mmoja na umlipe wa kwake.

Na umri? Huko Marekani kitanda cha juu hubandikwa onyo kwamba si cha mtoto aliye chini ya miaka 6, na Ulaya ni hivyo hivyo. Mimi naongezea sharti la kwetu: hata akiwa na miaka 9, kama bado anakojoa kitandani, alale chini, kwa heshima ya ndugu yake. Yule anayeota na kutembea usingizini pia alale chini.

Zitazame mbao za kulazia godoro za kitanda cha juu. Zikiwa zimelazwa tu bila kufungwa, watoto wakirukaruka juu siku ya Jumamosi zitateleza na kumwangukia wa chini. Kila ubao ushikwe kwa skrubu. Ngazi nayo ifungwe imara kwenye kitanda, iwe na vidato bapa. Vile vya bomba la mviringo huumiza nyayo na huteleza mtoto akishuka usiku akiwa na usingizi. Usiruhusu leso, kamba ya kurukia au mshipi ufungwe kwenye ukingo wa juu. Watoto huona bembea. Mimi naona shingo.

Wanaoishi Kisumu, Busia, Kilifi na kwingineko kwenye mbu wa malaria wana kazi ya ziada. Neti ya mviringo inayotundikwa darini humfaa wa juu. Wa chini afungiwe neti ya pembe nne kwenye fremu ya kitanda cha juu, na zote zichomekwe vizuri chini ya godoro. Nimeona nyumba ambamo wa juu ana neti na wa chini hana, eti kitanda cha juu kinamfunika. Mbu haingilii darini peke yake.

Kuna na moshi. Moto ukitokea, au jiko la makaa likiachwa ndani usiku wa baridi ya Julai, joto na moshi hupanda, na aliye juu ndiye huupata kwanza. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na serikali mwaka 2008 unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda bwenini, madirisha yasiwe na vyuma, na milango ifungukie nje. Nyumbani hakuna mkaguzi anayepita. Mita 1.2 huenda usizipate, ila waweza kuhakikisha kitanda hakizibi dirisha, na njia ya kutoka kitandani hadi mlangoni haina masanduku.

Ikiwa watoto wako wote wawili ni wadogo, sioni sababu ya kupanda juu hata kidogo. Kuna kitanda kingine ambacho mafundi wanakijua lakini wateja hawakiulizi: kitanda cha kuvuta. Kwa mchana ni kitanda kimoja cha kawaida. Usiku unavuta cha pili kutoka mvunguni, chenye magurudumu madogo, kikalala ubavuni. Katika chumba chetu cha futi 10 kwa 8, ukikilaza ubavu kwenye ukuta mrefu, viwili vikiwa wazi hula futi 6 za upana na kuacha 2 za kupita. Asubuhi kimoja kikirudi ndani, watoto wana futi 5 za kuchezea. Anayeanguka huanguka kutoka kimo cha magoti au chini ya hapo, akalia kidogo, akalala tena. Mgeni naye akija ana pa kulala bila watoto kuhamishiwa sebuleni.

Ila mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kila jioni kivutwe, kila asubuhi kirudishwe, na vumbi lisafishwe. Godoro la chini lisizidi inchi 4, la sivyo halitaingia. Lipigwe jua mara kwa mara, kwani mvunguni hewa ni haba. La mwisho ndilo gumu zaidi kwa familia nyingi: mvungu ndio ghala letu. Masanduku, viatu, gunia la viazi kutoka kwa nyanya, vyote viko huko. Anayenunua kitanda hiki aamue kwanza gunia litakwenda wapi.

Kama mtoto ni mmoja tu, na shida ni pa kuweka vitu vyake, kitanda cha kawaida chenye droo kubwa chini kinatosha, na kinaweza kuwaondolea kabati zima. Kwa kijana wa Gredi ya 7 kwenda juu kuna kile kilichoinuliwa kama dabo deka lakini chini yake pakawekwa meza ya kusomea. Ni kizuri mno, mradi ukingo uwe ule niliokwisha kutaja. Vile vinavyokunjwa vikasimama ukutani sivipendekezi kwa mpangaji, maana vinataka kutobolewa mashimo makubwa, na mwenye nyumba atakudai ukuta wake siku ya kuhama.

Chuma au mbao? Kwa chuma, viungo viwe vimelainishwa visimkwaruze mtoto. Faida yake ni kwamba kunguni hawapati nyufa nyingi za kujificha, na aliyewahi kupambana na kunguni Nairobi anajua uzito wa neno hili. Kwa mbao, ubao uwe umekauka. Mbao mbichi za saipresi zikishakaukia nyumbani hujikunja, na bolti zikalegea. Uliza pia rangi iliyopakwa. Kenya imeweka kikomo cha risasi katika rangi, sehemu 90 kwa kila milioni, na mtoto mdogo aliye katika kuota meno atautafuna ukingo huo bila kukuuliza. Chagua rangi ya mkebe wenye maelezo, usikubali ile iliyochanganywa kwenye galoni lisilo na jina.

Ukiagiza dabo deka, mwambie fundi, awe wa Gikomba au wa mtaani kwenu, aiunganishe kwa bolti na nati, si kwa misumari. Utaweza kuifungua ipite ngazi za ghorofa ya nne, na siku watoto watakapopata vyumba vyao uitenganishe iwe vitanda viwili. Mwombe kile cha chini kiwe cha nne kwa sita na cha juu tatu kwa sita, ili mtu mzima naye apate pa kulala. Weka spana nyumbani, na kila likizo ya shule uzikaze bolti zote.

Halafu siku ya kukichukua, kabla hujamlipa salio, vua viatu upande juu wewe mwenyewe, mwili mzima, ujitikise huku na huku. Fundi atacheka. Mwache acheke. Kikiyumba, salio lisitoke mfukoni.