Nimezuru Makaburi ya Mafirauni, Nikaona Aibu ya Kwetu

Nilipomwambia ami yangu kwamba mimi na kijana wangu tungepitia Misri siku nne tukitoka Umra, aliiweka chini bilauri ya chai akanitazama kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Mwanangu," akasema, "ukisha kujitakasa Makka, wenda kutafuta nini tena kwa Firauni?" Kisha akanikumbusha hadithi ambayo wengi wetu tuliisikia chuoni: Mtume (S.A.W.) alipopita Hijri, nchi ya Thamudi, katika safari ya Tabuki, aliwakataza masahaba wasiingie maskani ya watu waliojidhulumu ila wawe wanalia, wasije wakafikwa na yaliyowafika wale.

Sikuwa na jawabu. Hadithi ni sahihi, na ami si mtu wa kubishana naye. Lakini tikiti zilikwisha katwa na kijana alikwisha jiandaa, basi tukaenda. Naandika haya kwa sababu najua kina ami ni wengi hapa pwani, na swali lao lastahili jawabu la adabu, si la dharau.

Mji tulioufikia Waarabu wauita al-Uqsur, yaani makasri. Wazungu wakaligeuza jina likawa Luxor. Hatukujiunga na kundi la watalii. Tulikodi mtu mmoja wa kutuongoza, mzaliwa wa pale pale na Mwislamu kama sisi, pamoja na gari na dereva wake. Ilitugharimu zaidi, lakini tuliweza kusimama tulipotaka, kuuliza tulichotaka, na kuswali kila wakati ulipoingia.

Siku ya kwanza tulikwenda hekalu la Karnak. Msomaji, mimi nimezoea kuuona ukuta wa Fort Jesus na kudhani kwamba nimeona jengo. Karnak kuna ukumbi mmoja wenye nguzo 134. Zile 12 za katikati zina kimo cha mita 21 hivi, na nene ajabu. Mimi na kijana tuliinyoshea mikono nguzo moja ili tuizunguke, lakini hatukufika hata nusu yake. Kila mahali pamechorwa maandishi ya picha, ambayo kwa karne nyingi hapakuwa na mtu wa kuyasoma, mpaka Mfaransa Champollion alipoifumbua siri yake mwaka 1822.

Siku ya pili tulivuka ng'ambo ya mto Nili, upande wa magharibi, ambako wafalme walizikwa ndani ya mashimo yaliyochongwa katika majabali. Katika kaburi la Ramses wa Sita rangi zingali ziking'aa baada ya miaka zaidi ya 3,000. Jirani yake amelala Tutankhamun, aliyekufa kijana wa miaka 19 hivi. Mwingereza Howard Carter alilivumbua kaburi lake mwaka 1922 akakuta vitu zaidi ya 5,000: vitanda, magari ya farasi, viatu, vyakula, dhahabu isiyosemeka. Vitu vyote vimechukuliwa. Yeye mwenyewe yupo pale pale, mweusi mkavu, ndani ya sanduku la kioo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka ami. Nyuma yetu palikuwa na watu wakicheka na kusukumana ili wapigwe picha mbele ya maiti. Kijana wangu alinisogelea akaninong'oneza, "Baba, huyu alizikwa na kila kitu, na hakuondoka na chochote." Sikuongeza neno. Sisi huondoka na sanda tu, na nimewasikia mashekhe wakiwaidhi juu ya jambo hilo tangu utoto wangu, lakini sijapata kuliona kwa macho kama nilivyoliona ndani ya shimo lile. Sikulia, nisiseme uwongo. Lakini wala sikucheka. Nikafahamu kwamba hadithi aliyonikumbusha ami haikumzuia mtu kutia akilini. Inamzuia kuingia na moyo mkavu.

Na hili ndilo jawabu langu la kwanza. Kurani yenyewe imetutaka mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Kisa cha Nabii Musa na Firauni kimerudiwa ndani yake kupita visa vingi. Nilimwuliza kiongozi wetu ni yupi kati ya wafalme hawa aliyezama baharini. Alitabasamu akasema kwamba Kurani haikumtaja kwa jina, na wataalamu hawajaafikiana. Akaniambia pia kwamba mwaka 2021 maiti 22 za kifalme, wafalme 18 na malkia 4, zilihamishiwa makumbusho mapya huko Fustat, mji ulioanzishwa na Amr bin al-As. Leo wafalme hao wanalala jirani na msikiti wa Sahaba. Ibra iliyoje!

Jawabu la pili ni la historia. Amr na masahaba walioingia Misri mnamo mwaka 640 hawakuyavunja majengo haya. Huenda mtu akasema kwamba mahekalu yalikuwa yamefukiwa mchanga. Baadhi yake ni kweli. Lakini je, Mapiramidi ya Giza yalifukiwa na nini? Aliyejaribu kuvunja alikuja baadaye sana: mnamo mwaka 1196, al-Aziz Uthman, mwana wa Salahuddin, aliwapeleka watu kuibomoa Piramidi ndogo kati ya zile tatu. Walihangaika kwa miezi wakaacha jeraha tu ubavuni mwake, nalo laonekana hata leo. Abdul-Latif wa Baghdad, tabibu na mwanachuoni wa zama hizo, alisikitishwa na kazi hiyo na akaandika kuwatetea majengo ya kale, kwa hoja kwamba ni mashahidi wa habari za waliopita. Basi fikira ya kuhifadhi si ya Wazungu peke yao. Wanazuoni wetu walikuwa nayo miaka 800 iliyopita.

Jambo jingine lililonigusa ni hekalu la Malkia Hatshepsut. Ukutani wamechorwa mabaharia wake waliotumwa nchi ya Punt, karibu miaka 3,500 iliyopita, wakirudi na miti ya manemane iliyopandwa ndani ya vikapu, mizizi na yote. Punt ilikuwa wapi hasa wataalamu wanabishana, lakini wengi waiweka upande wa pembe ya Afrika, kwenye Bahari ya Shamu. Kijana alisimama akanusa hewa kama mtu anayetafuta chetezo cha bibi yake. Kumbe ufukizo huu tunaotia nyumbani kila Ijumaa ulikwisha vukishwa bahari kabla ya sisi kuitwa Waswahili!

Siku ya tatu, wakati wa Alasiri, kiongozi wetu alitupeleka kuswali. Nilidhani tutatoka nje ya hekalu la Luxor. Akatupandisha juu yake. Msikiti wa Abu al-Haggag, walii wa zama za Salahuddin, umejengwa ndani ya hekalu lile lile. Ulipojengwa, hekalu lilikuwa limezama chini ya udongo na vifusi. Wachimbuzi walipoondoa vifusi katika karne ya 19, mlango mmoja wa msikiti ukabaki juu hewani, ukitazama ua wa Firauni huko chini. Watu wa mji hawakukubali msikiti wao uondolewe kwa ajili ya hekalu, na hekalu nalo halikuvunjwa kwa ajili ya msikiti. Kila mwaka katika mwezi wa Shaabani hufanya maulidi ya walii wao, wakikokota mashua barabarani. Mimi niliyekulia maulidi ya Lamu nilijiona niko nyumbani.

Tulipotoka msikitini, kiongozi alituuliza kwa wema tu, "Na kwenu, mna nini cha kale?" Nikaanza kumweleza habari za Gede: msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, ambao ni 1399. Kijana wangu alinitazama kwa mshangao. Ana miaka kumi na sita, amezaliwa na kusoma Mombasa, na hajapata kufika Gede. Nimempeleka kuona makaburi ya watu wa Firauni, na ya Waislamu wa kwao, mwendo wa saa mbili kwa gari, sijampeleka. Sikuwa na pa kuuficha uso wangu.

Wala si mimi peke yangu. Gede imekuwa chini ya ulinzi wa serikali tangu mwaka 1927, na mwaka 2024 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini nani kati yetu huwapeleka watoto wake? Wageni hulipa nauli ya ndege kuiona. Sisi twapita na matatu ya Malindi tukisinzia. Katika ukoo wetu wenyewe, mlango wa nakshi wa nyumba ya babu uliuzwa kwa mchuuzi, nasi tukatia wa chuma. Hakuna Firauni aliyetuvunjia. Tumevunja wenyewe.

Wa kuigwa wapo. Watu wa Shela huvuka mara mbili kwa mwaka hadi magofu ya Takwa, kisiwani Manda, wakaomba dua penye kaburi la mnara. Hao hawakufundishwa na mtalii. Wanajua tu kwamba waliolala pale ni wao.

Niliporudi nilimwendea ami nikamsimulia yote, pamoja na aibu yangu. Alinyamaza muda. Kisha akaniuliza kama katika magofu ya Gede kibla cha msikiti kingali kikionekana. Nikamjibu kwamba mihrabu ingali imesimama. "Basi tupeleke Jumamosi," akasema, "mimi na huyo mjukuu wangu. Na njiani mtanisimulia habari za huyo Firauni wenu."

Wazazi wenzangu, mwenye uwezo na aende Misri, aende na moyo wa kuzingatia. Lakini aanze na Gede. Mwacha asili ni mtumwa, na asili yetu haihitaji pasipoti.