Tarehe 18 Septemba mmeiweka wapi?

Vijana wenzangu, na ninyi mnaokuja kutufundisha, leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Tulitakiwa kuchagua viongozi wa vijana wa kambi. Kwenye semina tukaambiwa hapana, majina yatateuliwa ofisini, kwa sababu eti Warundi tangu zamani wanapiga kura kwa kabila, tutagawanyika. Watu wakaitikia kwa kichwa. Hata mimi nilinyamaza.

Tangu zamani ipi? Tarehe 18 Septemba 1961, Mbelgiji akiwa bado anatawala na Umoja wa Mataifa ukiangalia, Warundi walichagua wabunge. Viti vilikuwa 64. UPRONA ikachukua 58. Hebu niambieni, kabila gani hilo linaloweza kupata viti 58 kati ya 64? Ndani ya UPRONA alikuwemo Rwagasore, mtoto wa Mwami, wakawemo Ngendandumwe na Mirerekano, Wahutu, na Waswahili wa Buyenzi walikuwa naye bega kwa bega. Wapinzani wao wakubwa, PDC, waliongozwa na Baganwa pia, wa ukoo mwingine tu. Ugomvi ulikuwa juu ya uhuru: sasa hivi, au Mbelgiji akipenda.

Na Mbelgiji alishajaribu kuwapangia. Novemba 1960, kwenye uchaguzi wa komuni, Rwagasore alikuwa kizuizini na PDC ikashinda. Haikupita hata mwaka, watu wa milimani wakajibu kwa kura.

Najua mtasema: mbona yaliishia kwenye damu? Ndiyo. Rwagasore aliuawa 13 Oktoba, hata mwezi haujaisha. Ngendandumwe akauawa 1965. Kwetu tumekimbia mara mbili, sihitaji kufundishwa hilo. Lakini waliohukumiwa kwa kumtuma muuaji wa Rwagasore walikuwa vigogo wa chama kilichoshindwa, siyo bibi aliyepanga foleni kupiga kura. Mbona adhabu anapewa mjukuu wa yule bibi?

Sisi nasi tuna kosa. Kila Oktoba tunavaa fulana zenye picha ya Rwagasore, tunaimba, tunalia. Septemba kimya. Tunajua alivyokufa, hatujui alivyochaguliwa.

Kwa hiyo ile orodha ya ofisini mimi siitambui, na Jumamosi nitasema hivyo mkutanoni. Sanduku la kura siyo shida, katoni tupu ya mafuta ya mgao inatosha. Nyumbani ninayo moja.