Unix ya Kale Katika Kompyuta Kuukuu: Ina Faida Gani kwa Mwanafunzi?

Mwalimu wa biolojia anapotaka wanafunzi wake waone jinsi viungo vya mnyama vinavyofanya kazi kwa ushirikiano, hawaletei tembo. Huwaletea chura. Hafanyi hivyo kwa sababu chura ni bora kuliko tembo, bali kwa sababu chura hutosha juu ya meza, na katika kipindi kimoja moyo, ini na mapafu yake huonekana kwa macho. Katika somo la kompyuta desturi hiyo njema haijazoeleka. Mwanafunzi hukabidhiwa tembo mzima, akaambiwa abonyeze hapa na pale, na mwisho wa mwaka akatahiniwa juu ya majina ya viungo ambavyo hajapata kuviona vikifanya kazi. Hoja ya makala haya ni kwamba chura wa somo la kompyuta yupo. Naye ni mfumo endeshi wa Unix wa miaka ya 1970, pamoja na jamaa zake wa karibu, ukiendeshwa katika kompyuta ndogo za zamani ambazo wengi huziona kuwa takataka.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kompyuta. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaozipa programu nyingine zamu za kufanya kazi, unaopanga mafaili katika diski, na unaopokea amri za mtumiaji. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani. Ken Thompson aliiandika kwa mara ya kwanza katika mashine ya aina ya PDP-7, ambayo tayari ilikuwa imepitwa na wakati na haikuwa na watumiaji wengi. Dennis Ritchie alishirikiana naye, akabuni lugha ya C, na mwaka 1973 sehemu kubwa ya mfumo ikaandikwa upya kwa lugha hiyo. Inafaa msomaji alikumbuke jambo hili: mfumo ambao mawazo yake yamo leo katika simu na kompyuta nyingi duniani ulizaliwa katika mashine kuukuu. Uhaba wa kumbukumbu uliwalazimisha waundaji wake waandike kwa ufupi na kuacha kila kisichokuwa cha lazima.

Ufupi huo ndio hazina ya mwalimu. Toleo la Sita la Unix lilitoka mwaka 1975, na kiini chake kilikuwa na mistari ya programu ipatayo 9,000 tu. John Lions, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New South Wales nchini Australia, aliikusanya mistari hiyo katika kijitabu kimoja, akaandika cha pili cha kuifafanua, na mwaka 1977 akawa anawafundishia wanafunzi wake. Hebu tupige hesabu. Mwanafunzi anayesoma mistari 100 kwa siku ataimaliza mistari 9,000 kwa siku 90, yaani kiasi cha muhula mmoja. Kiini cha Linux, mfumo wa siku hizi wenye asili ya mawazo ya Unix, kina mistari zaidi ya milioni 30. Kwa mwendo uleule, msomaji wake angehitaji miaka zaidi ya 800.

Hata hivyo, hazina hiyo ilifungiwa kwa muda mrefu. Toleo la Saba lilipotolewa mwaka 1979, masharti ya kampuni iliyolimiliki yalikataza maandishi ya programu yake kufundishwa darasani. Walimu wengi wakabaki kufundisha nadharia tupu, mfano wa fundi anayeeleza injini huku kifuniko cha gari kimefungwa. Andrew Tanenbaum, profesa wa Chuo Kikuu cha Vrije mjini Amsterdam, hakuridhika na hali hiyo. Mwaka 1987 alitoa mfumo alioutunga mwenyewe, uitwao Minix, uliofanana na Unix kwa nje lakini haukuazima hata mstari mmoja wa kampuni hiyo. Uliweza kuendeshwa katika kompyuta ya IBM PC yenye kumbukumbu ya kilobaiti 256, na mistari yake ipatayo 12,000 ilichapishwa katika kitabu cha kufundishia. Miongoni mwa waliojifunza kwa Minix ni Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambaye mwaka 1991 alianzisha Linux. Kwa hiyo, asiseme mtu kwamba mfumo mdogo wa kufundishia ni mchezo wa kitoto.

Leo kufuli hizo zimefunguliwa. Mwaka 2000 Minix iliwekwa chini ya leseni huru, na mwaka 2002 kampuni ya Caldera iliruhusu matoleo ya kale, likiwamo la Saba, yatumiwe na kunakiliwa bila malipo. Toleo la Saba limekwisha kuhamishiwa katika kompyuta za kawaida zenye prosesa za ukoo wa 386. Kilichobaki ni utashi wa walimu.

Je, mwanafunzi ataona nini? Kwanza ataona kwamba kazi kubwa hufanywa na programu ndogo zinazosaidiana. Tuseme anataka kujua insha yake ina maneno mangapi yasiyorudiwa. Programu moja itaweka kila neno katika mstari wake. Ya pili itayapanga kwa alfabeti, ya tatu itaondoa yanayojirudia, na ya nne itahesabu yaliyobaki. Matokeo ya programu moja humiminika katika nyingine kwa njia ya kiungo kiitwacho bomba, kilichopendekezwa na Doug McIlroy na kuingizwa katika Unix mwaka 1973. Mwanafunzi aliyeunganisha mabomba hayo kwa mikono yake hujifunza kugawa tatizo vipande vipande, na ujuzi huo humfaa hata katika hisabati.

Pili, ataona kwa nini ulinzi wa kumbukumbu ni wa lazima. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na prosesa ya 8088, isiyoweza kuizuia programu moja kuandika juu ya kumbukumbu ya nyingine. Kosa moja dogo liliweza kuusimamisha mfumo wote. Prosesa ya 386, iliyotoka mwaka 1985, ina ukuta wa kuzuia uvamizi huo. Waundaji wa Unix wenyewe waliwahi kufanya kazi katika mashine isiyo na ukuta, na mtu aliyetaka kujaribu programu mpya alipaza sauti kwanza kuwatahadharisha wenzake. Mwanafunzi anayeona mashine ikiganda kwa kosa lake mwenyewe hasahau somo hilo.

Tatu, ataona kwamba ya kale yangali hai ndani ya mapya. Unix huhesabu muda kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Katika mifumo inayotunza hesabu hiyo kwa biti 32, idadi kubwa inayowezekana ni 2,147,483,647, nayo itafikiwa tarehe 19 Januari 2038. Kidato chochote kinaweza kuhakikisha jambo hilo kwa kugawanya. Watakaotakiwa kurekebisha vyombo vitakavyokuwa bado na kasoro hiyo ni vijana walio madarasani sasa.

Yapo mapingamizi, nayo yanastahili kujibiwa. Wapo wasemao kwamba waajiri hawahitaji ujuzi wa mambo ya kale. Ni kweli kwamba hakuna ofisi itakayomwajiri kijana kwa kuwa anaijua PDP-11. Lakini faili, amri, zamu za programu na haki za watumiaji ni mambo yaleyale leo. Amri nyingi za Toleo la Saba zingali zikitumika bila kubadilika hata majina. Zaidi ya hayo, Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), isiyo na upungufu wa mashine mpya, mwaka 2006 ilitunga mfumo mdogo uitwao xv6 kwa kufuata Toleo la Sita, ili wanafunzi wake wapate kuusoma wote.

Wengine husema kwamba mashine kuukuu ni mzigo. Hapa pana ukweli mkubwa zaidi. Diski za zamani huharibika, betri zilizo juu ya bodi huvuja na kula nyaya, na vipuri ni adimu. Shule isinunue mashine za namna hiyo kwa fedha ambazo zingenunua vitabu, wala isipokee shehena ya vyombo vibovu kwa jina la msaada. Itumie ile iliyokwisha kuwapo stoo, ikiwa bado inawaka. Ikikataa, ipo njia nyingine: programu ya kuigiza, kama SIMH, huifanya kompyuta ya kawaida itende kama PDP-11, na Unix ya kale huendeshwa humo bila diski kuukuu hata moja.

Mwalimu atakayejaribu azingatie tahadhari mbili. Mwanafunzi asiruhusiwe kamwe kufungua skrini ya zamani yenye tyubu ya kioo wala kisanduku cha umeme, kwa maana hubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa. Vilevile mashine hiyo isiunganishwe na intaneti, kwani ulinzi wa mifumo hiyo haulingani na hatari za leo.

Taifa linalojua kubonyeza tu litabaki mteja wa wale wanaojua kinachotokea baada ya kubonyeza. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Unix ya kale ni mvungu usio na kina kirefu, ambao kijana wa sekondari, akiongozwa na mwalimu mwenye subira, anaweza kuinama na kuufikia. Kabla mashine ya mwisho iliyo stoo haijauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na iwashwe kwanza, darasa likishuhudia.