Mpelelezi anabisha hodi kwa jina la mapambano yetu



Wengi wetu tunafikiri kwamba mpelelezi wa serikali anavunja mlango wa simu. Hapana. Mara nyingi anabisha hodi, na sisi wenyewe tunamfungulia.

Tuangalie Lebanoni. Mu Januari 2018, shirika la Electronic Frontier Foundation na kampuni ya Lookout walitoa ripoti juu ya kundi walilolipa jina Dark Caracal. Nyayo zake ziliwafikisha ku jengo la idara ya usalama ya serikali, mu mji wa Beirut. Kundi lile liliiba habari za maelfu ya watu mu inchi zaidi ya 20: waandishi wa habari, wanasheria, wanaharakati, hata wanajeshi.

Walifanya je? Haikuwa uchawi. Walitengeneza WhatsApp na Signal za uongo, wakaziweka ku ukurasa unaofanana na duka la aplikasyo, kisha wakatuma linki mu WhatsApp na mu makundi ya Facebook. Ukiitelesharje, inatumika vizuri: unaandika, unajibiwa, hauone kitu. Lakini iliomba ruhusa ya mikro, ya kamera, ya namba za watu, na wewe ukafinya « ndiyo » kila mara. Uchungu ni huu: watu walitafuta Signal juu ya kujilinda, na pale pale njo walinaswa.

Mu Falme za Kiarabu, Agosti 2016, Ahmed Mansoor, mtetezi wa haki za binadamu, alipata mesaji: siri mpya za mateso mu magereza, finya hapa. Chambo kilipimwa ku moyo wake. Hakufinya. Aliituma kwa watafiti wa Citizen Lab, Toronto. Wakakuta Pegasus, programu ya kampuni ya Israeli NSO Group, inayopita mu matundu matatu ya iPhone. Mwezi ule ule Apple ikayaziba kwa watu wote. Yeye mwenyewe alikamatwa 2017, akahukumiwa miaka 10.

Tuseme wazi: kosa si la mwenye kufinya. Kosa ni la serikali inayowinda raia wake. Kwetu, Katiba ya 2006, kifungu cha 31, inalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu. Tutaidai.

Lakini tukingoja, tujue kwamba simu yako si yako peke yako. Ndani mule kuna majina yetu wote, mikutano yetu, na mashahidi waliotuamini.

Kwa hiyo: aplikasyo tuzitoe mu duka la kweli tu, hapana mu linki. Mizajuru ya simu tuifanye hata kama inakula mega, juu kuna programu zinaingia bila wewe kufinya kitu. Aplikasyo ya torshi ikiomba mikro, tuikatalie. Simu tusiiache mu mikono ya mtu tusiyemjua.

Na mesaji ikikuchoma moyo sana, ikikuambia ufinye sasa hivi, ngoja kwanza. Piga simu kwa mwenzako, sikia sauti yake, uulize: ni wewe uliyetuma?