AFYA YETU: Chumvi, Sukari na Maji



Mwishoni mwa Januari 2025, wapiganaji wa M23 walipouteka mji wa Goma, mashariki ya Kongo, watu waliokuwa wamehifadhiwa katika kambi za pembezoni mwa mji iliwabidi wakimbie tena. Hapa Harrow michango ikaanza. Mimi nami nikafungua kabati, nikakusanya vidonge vya presha vya marehemu mama, antibayotiki za nusu dozi na chupa mbili za dawa ya kikohozi, nikavitia mfukoni. Mpwa wangu, ambaye ni muuguzi, akaufungua mfuko ule palepale sebuleni. "Mjomba," akaniuliza, "nani huko atasoma karatasi hizi za Kiingereza?" Nilikasirika. Leo naandika kukiri kwamba mtoto alikuwa na haki.

Goma hiyohiyo ilitoa funzo zamani. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda zaidi ya nusu milioni walivuka mpaka kwa siku chache tu. Ardhi ya huko ni mawe ya volkano. Kuchimba vyoo na visima ni kazi ngumu mno. Watu wakanywa maji ya Ziwa Kivu, na kipindupindu kikazuka. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, wengi wao kwa maradhi ya kuhara, na wengi walifia nje ya vituo vya tiba.

Kipindupindu humkausha mtu. Maji na chumvi humtoka mwilini upesi, naye aweza kufa kwa saa chache. Basi dawa ya kwanza ni kumrudishia alichopoteza.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, Dakta Dilip Mahalanabis alikuwa akitibu wakimbizi huko Bongaon, India. Maji ya kutundika mshipani yalipomwishia, alichanganya maji, chumvi na sukari ya glukosi, akawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Kabla ya hapo, katika kila wagonjwa 100 walikufa kama 30. Baada yake hawakufika 4. Waliookoa roho zile ni mama, baba, shangazi na kaka waliokaa kitako kando ya mgonjwa, kikombe mkononi.

Ndiyo maana nasema, tusipeleke masalio ya kabati. Tangu 1996 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba dawa zilizokwisha tolewa kwa wagonjwa zisigeuzwe msaada. Wafanyakazi walio na wagonjwa mlangoni hawana nafasi ya kuchambua vidonge vyetu. Tupeleke pesa kwa mashirika yaliyoko hukohuko, kama Msalaba Mwekundu au Madaktari Wasio na Mipaka, wanunue maji safi, klorini na pakiti za chumvichumvi. Dawa za zamani tuzirudishe duka la dawa. Hapa Uingereza huzipokea na kuziteketeza.

Jambo la pili ni simu. Wengi wetu tuna jamaa walio karibu na vita. Wakisema mtoto anaharisha, waambieni wamnyweshe pakiti ya chumvichumvi. Ikikosekana, wachukue maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari, visivyofurika, na chumvi nusu kijiko kidogo. Wasizidishe chumvi. Wampe kidogo kidogo; akitapika wangoje dakika 10, kisha waanze tena. Anyonyaye aendelee kunyonya. Akilegea, macho yakiingia ndani au asiweze kunywa, wamkimbize kwenye tiba bila kungoja, huku wakiendelea kumnywesha njiani maadamu aweza kumeza.

Kateni ukurasa huu, mwubandike jikoni karibu na simu.