Kula, Kuchora au Kuparuza? Hoja Kuhusu Istilahi za Utayarishaji wa Jino

Mjadala wa istilahi za Kiswahili aghalabu huendeshwa kwa mifano ya fizikia, sheria na isimu. Ni nadra meno kutajwa. Hata hivyo, utayarishaji wa uso wa jino kabla ya kubandikwa kijazo ni uwanja ambamo uteuzi wa kitenzi kimoja unaweza kuchangia kijazo kudumu au kung'oka.

Mwaka 1955 Michael Buonocore, huko Rochester nchini Marekani, alionyesha kuwa enameli iliyopakwa asidi ya fosforiki ya asilimia 85 kwa nusu dakika hushikwa na akriliki kwa nguvu zaidi kuliko enameli isiyopakwa. Siku hizi hutumika asidi hafifu zaidi, aghalabu ya asilimia 37 hivi, kisha huoshwa kwa maji. Enameli, ambayo takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini, hubaki na vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Resini ya majimaji hupenya humo, hugandishwa kwa mwanga, na huwa imejikita. Fundi wa baiskeli hahitaji kufafanuliwa jambo hili: hukwaruza tyubu kabla ya kutia solusheni na kiraka, kama vile mwashi anavyougongagonga ukuta laini kabla ya kupiga lipu.

Kitendo hicho cha asidi kiitweje? Mfasiri anayefuata kamusi ya Kiingereza ataandika "kuchora kwa asidi", kwa kuwa neno la Kiingereza hutumika pia kwa wachoraji wa mabamba ya shaba. Tafsiri hiyo ni potofu, maana jinoni hakuna kinachochorwa. "Kuchoma" ni kubaya zaidi, kwani humtisha mgonjwa bure. Lililo karibu na matumizi ya watu ni "kula": maji ya betri hula nguo, kutu hula bati. Ajabu ni kwamba neno la Kiingereza lenyewe lina asili ya Kijerumani yenye maana hiyohiyo ya kula. Lakini hapa pana kikwazo ambacho mwanaistilahi hana budi kukitazama. Mswahili husema pia kwamba jino "limeliwa" pale linapooza. Na kuoza huko, kwa hakika, ni kazi ya asidi zitokazo kwa bakteria. Mganga atakayesema "sasa nitalilisha jino asidi" atakuwa ametumia neno la ugonjwa kuitaja tiba. "Kuparuza kwa asidi" kunaepuka mkanganyo huo, na kunataja lengo la kitendo.

Hata hivyo, istilahi hiyo inatosha kwa enameli tu. Dentini, iliyo chini yake, ina madini yapatayo asilimia 70 ya uzito. Sehemu iliyosalia ni nyuzi za kolajeni na maji. Asidi ikipita hapo haiparuzi: huondoa madini na kuziacha nyuzi zikielea katika maji. Resini inapaswa kupenya kati ya nyuzi hizo, kama Nakabayashi na wenzake walivyoeleza nchini Japani mwaka 1982. Zikipulizwa hewa hadi zikauke, hulaliana kama manyoya ya kuku aliyelowa, na resini haipati njia. Kuiita kazi ya tabaka zote mbili kwa jina moja ni kuficha tofauti ambayo mwanafunzi anapaswa kuijua kabla ya kushika chombo. Kwa dentini, "kuondoa madini" kunafaa, ingawa ni kirefu.

Hatari kubwa imo katika neno ambalo hakuna anayelihesabu kuwa istilahi: "kausha". Enameli iliyoparuzwa hukaushwa hadi iwe nyeupe kama chokaa, na weupe huo ndio ushahidi kwamba asidi imefanya kazi. Dentini, katika mbinu hii ya kuosha asidi, haikaushwi; hupanguswa maji yaliyozidi, ikabaki na unyevu. Kiswahili kinatofautisha barabara kukausha na kupangusa, chepechepe na unyevunyevu. Kinachokosekana ni mtu wa kuyapa maneno hayo mipaka ya kitaalamu na kuyaandika.

Yamkini itajibiwa kwamba udaktari wa meno hufundishwa kwa Kiingereza, Muhimbili na Nairobi pia, hivyo hoja hii ni ya ziada. Jibu hilo linasahau msaidizi anayeelekezwa kwa Kiswahili huku kinywa cha mgonjwa kiko wazi, na linamsahau mgonjwa anayepaswa kuridhia jambo analolielewa. Uzito wa suala umeongezeka tangu Mkataba wa Minamata wa 2013, uliozitaka nchi wanachama zipunguze matumizi ya amalgamu, ambayo ina zebaki. Amalgamu hushikwa zaidi na umbo la tundu lililochongwa. Vijazo vingi vya resini vinavyochukua nafasi yake hutegemea uso uliotayarishwa.

Kwa hiyo orodha ya istilahi za fani hii isipangwe kwa alfabeti ya Kiingereza na kujazwa visawe upande wa pili, kama ilivyo desturi ya kamati nyingi. Ianzie kitini mwa mgonjwa, hatua kwa hatua, na kila kitenzi kiandikwe pamoja na tabaka la jino kinalohusu.